Chumba Kilichokatazwa: Mvuto wa Hadithi za Giza za Angela Carter

Katika ngano moja ya Unguja iliyochapishwa na George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901, mchawi anamchukua mtoto wa sultani, anamkabidhi funguo zote za nyumba, kisha anasafiri. Kijana anafungua mlango mmoja na kukuta dimbwi la dhahabu iliyoyeyuka. Anachovya kidole. Dhahabu inaganda, anaisugua, haitoki. Anakifunga kidole kitambaa, na mchawi akirudi anaambiwa ni jeraha tu. Mchawi anasafiri tena. Safari hii kijana anafungua vyumba vingine: kuna mifupa ya mbuzi, kuna mifupa ya ng'ombe, kuna mafuvu ya watu, na katika chumba cha mwisho kuna farasi aliye hai, ambaye anamweleza kwamba mwenye nyumba hula watu na zamu yake inakaribia.

Ufaransa nako, Charles Perrault alichapisha mwaka 1697 kisa cha Bwana Ndevu Buluu. Bibi harusi anapewa funguo na kukatazwa chumba kimoja. Anakifungua, anawakuta wake waliomtangulia wameuawa, ufunguo unamponyoka na kuloa damu isiyofutika. Kidole cha dhahabu na ufunguo wa damu ni ushahidi wa namna moja. Tofauti iko kwenye hukumu. Ngano ya Unguja haimlaumu kijana hata kidogo, maana asingefungua milango ile angeishia chunguni. Perrault alimalizia kwa mafunzo ya kuonya udadisi wa wanawake, kana kwamba kosa kubwa ndani ya nyumba ile lilikuwa jicho la mke, na mume mwenye kuua alikuwa jambo la pembeni.

Mwaka 1979 mwandishi wa Kiingereza Angela Carter aliichukua hadithi hiyo ya Perrault, akaiita The Bloody Chamber, yaani chumba cha damu, na akaipindua hukumu yake. Kitabu chenye jina hilo kina hadithi kumi, zote zimejengwa juu ya ngano za kale za Ulaya: Ndevu Buluu, Mrembo na Mnyama, Paka Mwenye Mabuti, Kofia Nyekundu. Ndicho kitabu chake ninachokirudia kuliko vingine vyote, na watu wengi waliokisoma wananiambia hivyo hivyo. Swali linalonishughulisha ni la sababu. Kitabu kimejaa damu, maiti, wanyama wanaogeuka watu na watu wanaogeuka wanyama. Wengi wanaokipenda hawana hamu ya kutishwa, na wengine hawawezi kutazama filamu ya kutisha hadi mwisho.

Jibu langu ni kwamba giza la Carter hutoa elimu. Mhusika wake anayeingia mahali palipokatazwa hutoka akijua jambo ambalo waliobaki kwenye mwanga wamefichwa, na msomaji analijua pamoja naye. Hofu ni nauli ya safari hiyo. Anayesimulia uchawi kwa ajili ya kutisha tu hutoza nauli bila kumfikisha abiria popote, na ndiyo maana hadithi nyingi za majini tunazozisoma leo husahaulika wiki ileile.

Carter alizaliwa Eastbourne mwaka 1940, na wakati wa vita alilelewa kwa bibi yake mzaa mama huko Yorkshire. Alisoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Bristol na kuzama zaidi katika maandiko ya zama za kati. Mwaka 1969 alipata tuzo ya Somerset Maugham, na fedha zake zikamfikisha Japani, ambako alikaa takriban miaka miwili. Kutokana na miaka hiyo ulitoka mkusanyiko wa hadithi fupi, Fireworks, mwaka 1974. Katika maelezo aliyouambatishia anasema alianza kuandika vitu vifupi kwa sababu alikuwa akiishi katika chumba kidogo kisichotosha kuandikia riwaya. Kisha mwaka 1977 ikatoka tafsiri yake ya ngano za Perrault. Mtu hawezi kutafsiri kitabu bila kukipitia sentensi kwa sentensi, na naamini ni katika kazi hiyo ndipo alipoona kilichokuwa kimefunikwa. Yeye mwenyewe alikataa kusema kwamba ameandika matoleo mapya ya ngano za zamani. Alieleza kuwa alichofanya ni kukitoa nje kilichokuwa tayari ndani yake.

Tuangalie alikitoaje. Katika The Bloody Chamber msimulizi ni msichana wa miaka 17, mpiga piano, maskini, anayeolewa na Marquis tajiri aliyekwisha kufiwa na wake watatu. Kasri liko baharini. Maji yakijaa barabara inafunikwa na wakaaji wanakatwa na nchi kavu. Mume amempa mkufu wa yakuti nyekundu unaobana shingo, na ukiutazama utadhani koo limechinjwa. Kwa hiyo mwandishi ameshatuambia yote kabla ya ufunguo wowote kutajwa. Msomaji anajua. Na msichana, hili ndilo linalonikaba kila nisomapo, naye anajua kiasi. Anajiona kwenye kioo jinsi mume anavyomtazama, kama mnunuzi anavyokagua nyama buchani, na anagundua kwamba kitu fulani ndani yake kimesisimka. Perrault asingeweza kuandika hivyo. Kwake bibi harusi ni mjinga mdadisi. Kwa Carter ni mtu aliyeuzwa, akakubali bei, na sasa anaanza kuielewa bei hiyo.

Mle chumbani anawakuta wale watatu. Ufunguo unaingia damu, na mume akirudi anaubandika kwenye paji la uso wa mkewe. Alama nyekundu inabaki hapo. Wakati wa kukatwa kichwa unapofika, Perrault huwaleta kaka wawili wa bibi harusi. Carter anamleta mama: mjane ambaye ujanani, huko Indochina, aliwahi kumpiga risasi chui milia aliyekula watu, na ambaye kwenye simu amesikia sauti ya mwanawe akajua mambo si salama. Anakuja juu ya farasi akipasua maji ya bahari, mkononi bastola ya marehemu mumewe, na anammaliza Marquis kwa risasi moja. Nimeona wasomaji wakilisifu tukio hilo kwa ushujaa wake, na wana haki. Mimi navutwa zaidi na kilichofuata. Mali inagawiwa, kasri linakuwa shule ya vipofu, msichana anaishi na fundi piano asiyeona, na ile alama kwenye paji la uso haitoki. Anafurahi kwamba mwenzake haioni, kwa sababu anaionea aibu. Amepona akiwa na alama. Kijana wa Unguja naye alibaki na kidole cha dhahabu, ila chake kinang'aa.

Hadithi ambayo kwetu inachoma kupita zote ni fupi mno, kurasa chache tu. Inaitwa The Werewolf. Nchi ni ya baridi kaskazini, watu ni maskini, wanaamini shetani na wachawi. Bibi kizee ambaye jibini lake huiva wakati la jirani halijaiva, au anayefuatwa na paka mweusi kila aendako, huvuliwa nguo, huchunguzwa mwili, hupigwa mawe. Haya yanasemwa kwa upole, kama mtu anayeelezea hali ya hewa. Kisha mtoto wa kike anatumwa kwa bibi yake, akiwa na kisu cha baba. Njiani mbwa mwitu anamrukia; mtoto anamkata unyayo wa mbele na kuufunga kwenye kitambaa. Akifika, bibi yuko kitandani na homa. Kitambaa kinafunguka, na kilichoanguka ni mkono wa mtu, wenye pete ya ndoa na chunjua anayoitambua. Anafunua shuka: mkono wa bibi umekatika. Anapiga kelele. Majirani wanakuja, wanamtoa kizee kwenye theluji na kumpiga mawe hadi kufa. Msichana anahamia katika nyumba ile, na mambo yake yanamnyookea.

Hapo hadithi inakwisha. Anayeisoma harakaharaka anaona ngano ya msichana jasiri na bibi aliyekuwa mnyama. Aliyekulia Shinyanga au Mwanza, au Kilifi, hawezi kuisoma hivyo. Mauaji ya vikongwe Usukuma yanajulikana kwa miongo mingi: mama mtu mzima, macho yamekuwa mekundu kwa kupikia kuni na samadi maisha yake yote, anahesabiwa mchawi kwa wekundu huohuo. Kilifi imesemwa mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi dhidi ya wazee lipo shamba. Sasa rudi kwenye hadithi uulize: nani alimwona mbwa mwitu? Mtoto peke yake. Nani alishuhudia unyayo ukiwa unyayo? Hakuna mwingine. Majirani waliona mkono uliokatwa, bibi aliyejeruhiwa na mjukuu anayelia. Na nyumba ikabaki kwa nani?

Carter hamwambii msomaji kwamba mtoto amesema uongo. Msimulizi ametueleza kwa sauti ileile tulivu kwamba mbwa mwitu alikuwepo, na katika ulimwengu wa ngano mbwa mwitu huwapo. Tunaachwa na maelezo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, na yote mawili yamesemwa kwa ukamilifu. Ingekuwa ripoti ya gazeti tungejua pa kusimama: uchawi haupo, kizee ameonewa, waliohusika wakamatwe. Hayo yote ni kweli, na yanapaswa kusemwa na magazeti kila siku. Lakini ripoti haitufikishi ndani ya kichwa cha wale majirani. Hadithi inatufikisha. Kwa dakika tano tumeamini kwamba bibi ni mnyama, tumemshangilia mtoto na kisu chake, na ndipo mstari wa mwisho unatuonyesha tulikuwa miongoni mwa akina nani. Sijui maandishi mengine yanayoweza kumfanyia msomaji jambo hilo kwa nafasi ndogo kiasi hicho.

Ufupi wenyewe ni sehemu ya nguvu hiyo. Riwaya hulazimika kutueleza mtoto ni nani, baba yake anafanya kazi gani, kijiji kinalipa kodi kwa nani. Na kila maelezo yakiongezeka, uwezekano mmoja unafungwa. Katika maelezo yaleyale ya Fireworks, Carter alitofautisha hadithi fupi ya kawaida, inayoorodhesha maisha ya kila siku, na kisa cha kale cha namna ya Edgar Allan Poe au Hoffmann, ambacho hakijifanyi kuiga maisha na kwa hiyo hakimdanganyi mtu kwamba anayajua maisha hayo. Msimulizi wa ngano zetu analielewa hilo tangu neno lake la kwanza. Akishasema hapo kale, hakuna anayemdai cheti cha kuzaliwa cha Sungura.

Tukimtaja Sungura tutaje na Paa. Katika mkusanyiko wa ngano za Unguja uliotolewa na Askofu Edward Steere mwaka 1870 kuna kisa cha Sultani Darai, ambacho wataalamu wa ngano wanakiweka ukoo mmoja na Paka Mwenye Mabuti wa Perrault. Maskini anayechakura jaani anapata thumni, anamnunua paa, na paa huyo kwa werevu wake anamwozesha binti wa sultani na kumpa jumba alilomnyang'anya nyoka mwenye vichwa saba baada ya kumuua. Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa. Paa wetu anaugua, na tajiri mpya anakataa hata kumpa uji wa maana. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na usiku ule mtu yule anaamka akijikuta jaani, akichakura. Carter naye aliandika paka wake, na ni hadithi ya furaha tupu, ya ucheshi na mapenzi, pumziko katikati ya kitabu kizito. Naipenda, lakini kwa ukali wa kuuona utajiri unavyompofusha mtu, msimulizi wa Unguja amemzidi.

Kwa ngano ya Mrembo na Mnyama, Carter alitoa hadithi mbili mfululizo, na hapo ujanja wake unaonekana wazi. Katika ya kwanza, mnyama anakuwa mwanamume, wanatembea bustanini. Katika ya pili, The Tiger's Bride, baba anampoteza binti yake kwenye kamari ya karata, na binti analisema hilo bila kupepesa: nimechezewa, nikaliwa. Mnyama anaomba jambo moja tu, amwone akiwa uchi. Binti anakataa. Baadaye Mnyama mwenyewe anavua mavazi yake na barakoa yake ya binadamu, na mwishoni anamlamba binti hadi ngozi inatoka tabaka kwa tabaka na manyoya yanatokeza. Yeye ndiye anayegeuka. Aliyezoea ngano za kawaida atasema amepotea. Lakini tazama alichokiacha: baba aliyemweka mezani pamoja na pesa, na jamii ambayo kwa maneno yake mwenyewe haikumhesabu tofauti sana na mwanasesere wa mashine aliyekuwa mtumishi wake. Kati ya ngozi hiyo na ya chui milia, alichagua.

Wapo wasioridhika na kazi hii. Mhakiki Patricia Duncker aliandika mwaka 1984 kwamba Carter amebaki mfungwa wa ngano zilezile anazodai kuzipindua: wanawake wake bado wanatazamwa, bado wanatamaniwa na wanyama, na hatari bado imepambwa ikavutia. Ninaposoma The Snow Child, kisa cha kurasa mbili hivi ambamo msichana anaumbwa kwa matamanio ya Bwana mmoja, anakufa kwa mwiba wa waridi na hata maiti yake haiachwi salama, naona uzito wa lawama hiyo. Hakuna mama juu ya farasi hapo. Hakuna mtu yeyote. Hata hivyo sikubaliani na Duncker moja kwa moja. Msichana yule hakuwahi kuwa mtu. Ni tamaa ya Bwana iliyopewa umbo, na iliyeyuka ilipokwisha. Kisa kinaonyesha tamaa ya namna hiyo inafanya nini, na kinaonyesha pia mke wa Bwana, ambaye nguo zake zinahamia mwilini mwa mtoto na kurudi, akijua kwamba cheo chake chote kinategemea mtu asiyemwangalia. Ni kisa kibaya kukisoma. Sidhani kingekuwa na heshima kama kingekuwa kitamu.

Lawama nyingine ni ya lugha. Carter huandika kwa utajiri wa kupita kiasi: harufu, vitambaa, mawe ya thamani, sentensi zinazopinda na kurudi. Kwa aliyejifunza Kiingereza shuleni, kurasa za mwanzo ni ngumu kweli. Utajiri huo una kazi katika hadithi ya Marquis, kwa sababu msichana ananunuliwa kwa vitu vilevile vinavyotulewesha sisi. Katika The Erl-King nakiri unanichosha, na simlaumu aliyeiruka. Ajabu ni kwamba katika The Werewolf utajiri wote umeondolewa, sentensi zimekatwa fupi na kavu. Alijua kuacha.

Kuna pia hadithi ya mnyonya damu, The Lady of the House of Love. Binti wa ukoo wa Dracula anaishi kwenye kasri bovu huko Romania, anachukia kiu yake, kila siku anapanga karata za kubashiri. Anakuja kijana Mwingereza juu ya baiskeli, mwanajeshi aliye likizo, mwenye akili ya kisayansi. Haogopi, maana haelewi cha kuogopa. Anapanga kumpeleka binti kwa daktari wa macho na daktari wa meno. Binti anajikata kidole, kijana anambusu jeraha kama mama anavyombusu mtoto, na asubuhi binti ni maiti. Ungedhani giza limeshindwa. Lakini huu ni mwaka 1914 unaokaribia, na kijana anarudi kikosini kusafirishwa kwenda Ufaransa, ambako mamilioni watamwaga damu bila mnyonya damu yeyote. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mkabala huo si mgeni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua kwa uzito hadithi za mumiani na wazimamoto zilizovuma Nairobi, Kampala na kwingineko enzi za ukoloni, za watu waliodaiwa kukamatwa usiku ili wanyonywe damu. Alizisoma kama namna ambayo watu waliutafakari utawala uliokuwa ukitumia miili yao. Said Ahmed Mohamed naye, katika riwaya ya Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimfufua mzee aliyekufa ili amkabili mjukuu mwenye madaraka, kwa sababu aliye hai hakuwa na ubavu wa kumwambia yale.

Carter hakuishi kuzeeka. Alifariki London mwezi Februari 1992 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 51. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa mkusanyiko wa ngano za mataifa mbalimbali kwa kampuni ya Virago, zote zikiwa na mwanamke katikati, na humo aliingiza ngano ya Waswahili aliyoipata katika kitabu cha Jan Knappert. Mke wa sultani anakonda, mke wa maskini amenawiri. Sultani anauliza siri, maskini anajibu: namlisha nyama ya ulimi. Sultani ananunua ndimi za kila mnyama buchani, na mkewe anazidi kunyauka. Wanabadilishana wake, yule aliyenawiri anakonda ikulu, aliyekonda ananawiri kwa maskini. Kumbe nyama ya ulimi ilikuwa hadithi, mizaha na nyimbo ambazo maskini alimletea mkewe kila jioni. Katika ngano zote za dunia alizokuwa nazo mezani, alimchagulia msomaji wake hiyo pia, inayosema mwanamke anakufa njaa akinyimwa masimulizi. Mtu aliyeandika chumba cha damu hakuichagua kwa bahati.

Anayetaka kumsoma asianze na hadithi ya Marquis ingawa ndiyo ya kwanza kitabuni. Ni ndefu na lugha yake ni nzito. Aanze na The Werewolf, aisome mara mbili kwa kikao kimoja, kisha The Company of Wolves, ambayo Neil Jordan aliitengenezea filamu mwaka 1984 akishirikiana na Carter kuandika muswada wake. Katika hadithi hiyo Kofia Nyekundu anacheka usoni pa mbwa mwitu na kulala usingizi kati ya miguu yake. Baada ya hapo ndipo aende kasrini. Wanaofundisha fasihi shule za sekondari wangeweza kuiweka The Werewolf sambamba na ngano ya Bateman na ya Sultani Darai katika somo moja, na kuwaachia wanafunzi wabishane ni nani alimwona mbwa mwitu.